Kuhusu dogo na ile bangi

Swahiba, mambo vipi hapo Mingoyo, poleni na kumuuguza dogo tangu adondoke na boda akaumia kichwa. Mi huku Mtwara mzima ila ile voisi yako imeninyima raha, eti mzee wa kijiweni kakwambia umchemshie dogo bangi anywe kama chai maana ubongo wenyewe unatengeneza bangi. Ujue mzee kasikia kitu cha kweli afu kakipindisha.

Ni kweli mwili una vitu vyake vinavyofanya kazi kama ya bangi, wanaviita endokanabinoidi. Kimoja, anandamaidi, kundi la mwanasayansi Raphael Mechoulam lilikipata Jerusalem 1992, kingine 2-AG kikaja 1995. Sasa 2001 watafiti wakagonga vichwa vya panya (masikini panya, kila siku wao tu) wakakuta 2-AG imepanda ubongoni mpaka mara 10, na panya walioongezewa 2-AG ya maabara uvimbe ukapungua wakapona vizuri kuliko wenzao. Yani mtu akidondoka na boda kama dogo, kinachomaliza ubongo si ule mpigo peke yake, ni uvimbe wa masaa na siku zinazofuata, seli zinamwaga glutamati (kemikali ya kupashana habari ubongoni) kupita kiasi zinauana zenyewe kwa zenyewe, ndo hapo 2-AG inakuja kushika breki. Inatengenezwa palepale inapotakiwa, ikimaliza kazi vimeng'enya (enzaimu za mwili) vinaivunja chap.

Bangi haina adabu iyo bwana, inazagaa ubongo mzima inakaa masaa, tena inavuruga kumbukumbu na balansi, na dogo si ndo shida zake hizohizo, anasahau kama kala, akisimama anayumba? Afu panya si mtu. Kuna dawa ya ukoo huo ya kutengenezwa, deksanabinoli, ilijaribiwa kwa wagonjwa 861 walioumia kichwa vibaya, majibu ya 2006 haikuwasaidia kitu. Siku hizi watafiti wanahangaika kuvizuia vile vimeng'enya ili 2-AG ya mwenyewe ikae zaidi, mi hilo wazo nalipenda ila bado ni la panya. Na polisi wakikukuta nayo hela ya wakili utatoa wapi, korosho zenyewe hujauza.

Mwache alale, simu punguza, pombe na boda asiguse kabisa. Akianza kutapika, kichwa kikazidi kuuma au anasinzia hadi kumwamsha kazi, usingoje kuche, mkimbize hospitali ya Sokoine usiku huohuo.

Jumamosi nakuja, mwambie mama aniwekee ming'oko.