Usilipie ile ya futi tisa

Nyeri, Jumapili jioni

Kwako Baba Wanja,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Sisi wazima, ng'ombe kazaa, mvua inajivuta. Mengine utayasikia kwa mama yako, hasahau kitu yule.

Nakuandikia mbio kwa sababu ya ile picha uliyonitumia. Fimbo ya kuvulia samaki ni nzuri, sikatai, lakini kama hujalipa, tafadhali usilipe! Futi tisa, namba 5, hiyo ni ya ziwani, kwenye upepo, ambako mtu anarusha mbali na nyuma yake peupe. Mimi navua mto Ragati. Unaukumbuka Ragati? Matawi yamefunga juu kama paa, ukiinua mkono tu yamekunyang'anya. Ile ya Mwalimu niliyoazima ni futi tisa hizo hizo, na mwezi jana nilishinda asubuhi nzima nikivua miti. Nzi wangu wanne wa bandia, ndio chambo changu, wamebaki juu huko. Ncha nayo ilivunjika, ndiyo maana siku hizi nikimwona Mwalimu napitia nyuma ya soko.

Ninayotaka ni futi saba, ikizidi sana saba na nusu, namba 3. Namba imeandikwa juu kidogo ya mpini. Si uzito wa fimbo, ni wa mshipi inaoubeba, kwa hiyo mshipi nao uwe namba 3, usije ukaniletea ndoa isiyopatana. Nzi wa bandia hana uzito kama chambo chenye risasi ya kukizamisha. Mshipi ndio unaombeba hewani. Na samaki wetu, hawa trauti, ni wa robo kilo, tena huyo tunamwita mkubwa. Kwa namba 5 unamtoa kama jani. Kwa namba 3 unamsikia mpaka kiwikoni.

Muuzaji atakusifia kaboni ngumu inayorusha kwa kasi. Mwache aseme. Narusha hatua tano sita tu, nataka inayopinda taratibu hadi karibu na mpini, hata ikiwa ya faibaglasi. Akianza kukuhesabia gramu, mwitikie tu: fimbo hizi ndogo hazifiki hata gramu mia, kinacholemea mkono ni rili, ile ya kuzungushia mshipi. Mama Ciru anasema nataka nyepesi ili niwakimbie nyati vizuri. Si uongo wote.

Iwe ya vipande vinne, iingie kwenye sanduku lako bila maneno ya uwanja wa ndege. Na ucheke kidogo: trauti wa kahawia walioletwa mto Gura mwaka 1905 na yule mlowezi Grogan walitoka Loch Leven, ziwa la huko Uskoti, hapo jirani yako. Samaki walivuka bahari kwa meli, wewe unashindwa na kijiti? Lakini isiwe futi tisa, nimesema.

Pesa nimeshampa mama yako nusu. Nusu nyingine... tutaongea.

Sasa niambie: umelipa tayari? Kama umelipa, hilo duka linakubali kubadilisha? Unakuja Desemba kweli au ni Desemba ile ya mwaka jana? Wanja bado anasikia Kikuyu? Na goti lako litakubali kushuka ule mteremko wa mtoni, au nitafute kijana wa kukushika mkono?

Nijibu kabla hujapita tena dukani.

Ni mimi,
Baba Ciru