Msiba niliopewa pole kabla ya kuujua

Mwanangu Zaituni,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, mguu tu ndio unanisumbua asubuhi. Barua hii nampa kondakta wa basi akuletee, maana nilijaribu kuyasema haya kwa simu mara mbili, na zote mbili ukaniitikia ile "eeh, eeh" ya mtu anayesoma kitu kingine.

Ni kuhusu Ijumaa ile. Nilikuwa kibanda cha kinyozi hapa mtaani Sofia, simu nimeiacha duka la jirani inachajiwa. Akaja yule mama anayeuza vitenge, akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Mzee, pole sana kwa msiba." Nikamuuliza, msiba gani? Akabaki mdomo wazi. Kisha akatoa simu yake polepole, kama mtu anayetoa kitu alichoiba, akanionyesha stetasi ya WhatsApp. Picha ya shangazi yako Hadija, ile ya Idi amevaa gurbaba ya kijani. Mshumaa pembeni, maneno ya Kiingereza, na juu yake jina lako.

Dada yangu wa tumbo moja, nikapewa pole kabla ya kupewa habari. Kinyozi alikuwa amenyoa upande mmoja tu.

Najua hukukusudia. Ulidhani binamu yako alishanipata, na kweli alipiga mara nne, nilizikuta. Kwa hiyo kosa lingine ni langu na la chaji yangu. Lakini sitaki liishie hapo.

Unakumbuka nilikuwa mtu wa simu ya upepo. Miaka 22 polisi, kambi hadi kambi, na wewe ukikulia ndani ya yunipoti, vile vibanda vya bati vinavyochoma mchana. Simu ile ilikuwa na adabu yake. Ukibonyeza kitufe useme, husikii kitu. Ukitaka kusikia, sharti ukiachie. Ndiyo maana ya "ova" tuliyokuwa tukisema, ambayo nyinyi watoto mliigeuza mchezo.

Habari ya kifo ilikuwa na njia yake zaidi. Askari akifa mbali, niliipokea, nikairudia neno kwa neno kwa aliyeituma, nikaandika kitabuni saa na jina langu. Kisha nilinyamaza. Hata wewe hukuambiwa. Walitafutwa wanawake wawili watu wazima waende kwa mjane, na mara nyingi mmoja alikuwa mama yako, Mungu amrehemu. Nilimuuliza siku moja anaanzaje. Akasema: "Kwanza naepua sufuria." Alijua akishasema, hakuna atakayekumbuka kama kuna maharagwe motoni. Baada ya sufuria, anawatuma watoto dukani. Baada ya watoto, anakaa chini, mkekani, karibu kabisa. Ndipo anasema.

Stetasi haiepui sufuria, Zaituni. Inamkuta mtu popote alipo, mwingine juu ya boda boda, mwingine kwa kinyozi.

WhatsApp ilipoleta zile tiki za buluu mwaka 2014, mimi nilifurahi, nikadhani ni kile kitabu changu kimerudi. Kumbe tiki inasema ujumbe umefunguliwa tu. Aliyeufungua alikuwa na nani, amesimama au ameanguka, hiyo haiko.

Usije ukasema baba anachukia simu. Simu ndiyo inanionyesha uso wa kaka yako aliyeko Doha. Ule ushuru wa mitandao ya kijamii hapa Uganda, shilingi 200 kwa siku, wa mwaka 2018 niliulipa huku nalalamika, ili tu nimwone mtoto wake akijifunza kutambaa. Ila nikuambie ninachokikumbuka zaidi. Uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, ulikuwa unanipigia simu ya kawaida kila jioni. Salio likikatika katikati ya neno, unaweka tena. Siku zile ndipo uliponieleza ugomvi wako na mwenye nyumba, na kwamba ulikuwa unalala njaa. Miezi mingi kabla yake ulikuwa unanitumia vile vikatuni vya kucheka, nami nikidhani unacheka.

Sasa langu. Jumatano kabla ya kifo, shangazi yako alinitumia sauti ya dakika 4. Bando lilikuwa limekwisha, nikasema nitaisikiliza kesho. Kesho nikaweka bando, nikatazama mpira. Nilikuja kuisikiliza ndani ya teksi, tunarudi kutoka kumzika. Anauliza bei ya mahindi huku kwetu. Anasema kuku wake mmoja amepotea, halafu katikati anaita, "Huyo hapo!" na kumkimbiza, na dakika nzima ni miguu yake na kuku. Mwisho anasema, "Nijibu basi."

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo, kule Bombo. Njoo mapema unisaidie kuihifadhi sauti hiyo, maana simu yangu imejaa na kila siku inaniuliza nifute nini. Na ukitaka kuweka picha ya arobaini, weka, ila subiri kwanza nifike kwa mjomba wako wa Arua. Yeye bado anadhani Hadija yuko hospitali, na ndugu wamekubaliana mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia.

Ukipata barua hii nipigie. Siku hizi simu naichajia nyumbani.

Baba yako,
Busia