Barua kwa mwanangu, golikipa

Mwanangu,

Nakuandikia usiku huu kwa sababu ukiamka nitakuwa nimeshakwenda kazini. Nilipokuwa naanika bafuni vifaa vyako vya magongo ya barafuni, nimekuta paketi ya dawa ya homa ndani ya glavu, vidonge vitatu tu vimebaki. Sikukasirika, mwanangu. Nimeogopa.

Tangu tuhamie Montreal picha ya Georges Vézina, yule golikipa wa zamani, iko juu ya kitanda chako, basi nami nimesoma habari zake. Mtoto wa mwoka mikate wa Chicoutimi, mji wa huku Quebec, ambaye ujanani alidaka akiwa na viatu vya kawaida, hata kuteleza kwenye barafu alijifunza akiwa mkubwa. Februari 1910 Canadiens, timu ya hapa Montreal, walikwenda kwao kucheza mechi ya kirafiki, wakashindwa kumfunga hata bao moja. Mwaka haukuisha, akawa golikipa wao. Na zama hizo udakaji ulikuwa kazi kweli: uso mtupu, hakuna barakoa, na mpaka 1918 sheria ilikataza golikipa kujitupa chini. Unasimama wima na gongo lako, kile kisahani kigumu cha mpira kinakuja usoni. Kwa utulivu wake, baridi kama tango, wakambandika jina la Tango la Chicoutimi. Hapo hata mimi nimempenda.

Miaka 15 hakukosa mechi. Zaidi ya mechi 320 za ligi mfululizo, na Kombe la Stanley, lile la mabingwa, mara mbili, 1916 na 1924. Najua hesabu hiyo ndiyo unayoiota. Mimi ndiyo iliyoninyima usingizi leo. Tarehe 28 Novemba 1925 alikaa langoni dhidi ya timu ya Pittsburgh huku mwili unawaka homa. Kipindi cha kwanza hakufungwa. Baada ya hapo hakuweza kuendelea, na hakurudi langoni tena. Kilikuwa kifua kikuu. Machi 27, 1926 alifia kwao Chicoutimi, ana miaka 39. Dawa ya kukiponya ilipatikana miaka ya 1940, yeye ameshazikwa zamani.

Kikohozi chako nakisikia ukutani wiki ya pili sasa. Sisemi una ugonjwa ule. Nasema hatujui, na daktari yupo.

Kocha nimeshazungumza naye, Jumamosi atadaka mwenzako. Uji uko kwenye chupa, umeze wote. Nimeomba ruhusa kazini. Saa nne nakuja kukuchukua. Vaa lile sweta zito.

Mama yako