Malalamiko: oveni imezungushwa skrubu badala ya kutengenezwa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

KUH: OVENI YA UMEME INAYOZIDISHA JOTO

Oveni hii ingali chini ya waranti (nakala ya risiti imeambatishwa) na fundi wenu ameshaishughulikia mara moja. Kosa bado lipo, ila sasa limefichwa.

Kabla ya fundi kuja, ukiweka swichi kwenye 180, joto la ndani lilikuwa nyuzi 215. Kipimajoto kilikaa katikati ya rafu ya kati, mlango ukafungwa kwa dakika 45, kisha ukachukuliwa wastani wa joto la juu na la chini katika mizunguko minne ya kuwaka na kuzima. Kwenye 120 ilitoa 141, kwenye 230 ikafika 276. Yaani ilizidisha kwa nyuzi 21, 35, kisha 46. Skrubu ya kurekebishia ikilegea, themostati (kifaa kinachokata na kurudisha umeme kulingana na joto) hukosea kwa kiasi kinachokaribiana kila mahali. Kosa likikua kadiri joto linavyopanda, kihisi ndicho cha kuangaliwa kwanza.

Mulikeni tochi ukuta wa nyuma mtaona: kijiti cha kuhisi joto kimechomoka kwenye kibanio cha juu, na ncha yake imezama kwenye tundu la mrija mwembamba unaokiunganisha na themostati, ndani ya sufi ya kuzuia joto. Huko hakuna joto kama la ndani, kwa hiyo themostati huchelewa kukata umeme.

Fundi hakumulika. Aling'oa swichi, akazungusha skrubu iliyo ndani ya shina lake mpaka 180 ikawa 180, akaaga. Keki zitaiva, sawa. Lakini 120 sasa inatoa 107 na 230 inatoa 242: biskuti za moto mdogo hazikauki, na mkate unaungua juu.

Alisema pia kipimajoto ni kibovu kwa sababu kilisoma 94 kwenye maji yanayotokota. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa hutokota kwenye takriban 94. Kingesoma 100 ndipo kingetiliwa shaka.

Tunachodai ni kazi ifanywe kwa mpangilio wake. Umeme uzimwe ukutani, kijiti kirudishwe kwenye vibanio vyote viwili bila kugusa ukuta, na skrubu irudishwe ilipokuwa. Baada ya hapo oveni ipimwe kwenye 120, 180 na 230, kipimajoto kikisomwa kupitia kioo, kwani mlango ukifunguliwa namba inaanguka papo hapo. Skrubu iguswe tu kama kosa lililobaki ni lile lile kote. Vipimo tupewe kwa maandishi, ndani ya siku 14.

Mkiamua kubadilisha themostati nzima, mrija wake usikunjwe kwa nguvu. Ukipasuka, mafuta ya ndani huvuja na themostati huenda isikate umeme kabisa.

Wateja wenu.