Barua ya wazi kwa Waziri wa Sanaa: wenzetu waliandika "barabara", sisi tuandike nini?

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,

Salamu kutoka Ngarenaro, Arusha. Mimi ni mwenye kibanda umiza. Jina hilo halimo kwenye nyaraka za serikali lakini najua unalielewa: mabenchi manane, televisheni moja kubwa, pazia jeusi mlangoni, shilingi 500 kwa mechi. Miaka yote hii nimeuza filamu za ngumi na mapenzi, na wikiendi nauza mechi za Arsenal. Leo nakuandikia habari za filamu isiyo na ngumi hata moja.

Kuna binti wa mtaani kwetu. Jina simtaji, hajanituma. Siku za wiki anauza mitumba soko la Kilombero hapa mjini, Jumapili anaongoza filamu, na hii ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Mvulana wa miaka 12 anaishi na bibi yake kando ya reli, mtaa wa Unga Limited. Bibi anaanza kusahau majina ya watu, mwisho anasahau na la mjukuu. Basi. Hakuna mganga, hakuna anayetekwa, hakuna tajiri anayeshuka kwenye gari jeusi. Nilipomaliza kusoma skripti nilimuuliza, "Sasa adui ni nani?" Akanijibu, "Hayupo, baba." Nikasema moyoni, hii hata umeme wa luku hailipi.

Walianza kupiga picha Oktoba iliyopita, mijakaranda ilipochanua. Kama umewahi kupita Arusha mwezi huo unajua lami inavyogeuka zambarau. Bibi anainama chini ya mti, anaokota ua mojamoja, analikunja kwenye pindo la kanga kama anayeokota maharage yaliyomwagika. Mjukuu amesimama na dumu la maji, anamtazama. Kamera haisogei. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti kwenye mti wa fagio, mkono umekufa ganzi, na bado sikutaka aseme "kata".

Kamera ni ya mwenzetu anayepiga picha za harusi. Jumapili ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili hela ya chakula na nauli ikaisha. Ya tatu tukachangishana. Ya nne mvua za vuli zilinyesha usiku kucha, na tulipofika saa kumi na mbili asubuhi maua yote yalikuwa tope. Nusu ya tukio imo kwenye kamera, nusu inasubiri Oktoba nyingine.

Kumbe si sisi wa kwanza. Binti aliniletea flash yenye filamu ya Kihindi, Pather Panchali. Nilifurahi, nikijua picha la Kihindi lina nyimbo. Halina. Aliyeitengeneza, Satyajit Ray, alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo Calcutta. Mwaka 1950 kampuni ilimpeleka London kikazi, huko akaona filamu ya Kiitaliano ya maskini aliyeibiwa baiskeli, akarudi nyumbani amedhamiria. Alianza kupiga picha Oktoba 1952, hajawahi kuongoza filamu yoyote. Mshika kamera wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo ambaye hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Walipiga siku za mapumziko kwa sababu kila mtu alikuwa na kibarua chake. Walianza na shamba la manyasi yenye maua meupe, watoto wawili, dada na mdogo wake wa kiume, wanakimbia kwenda kuona treni. Wiki iliyofuata waliporudi, ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Ikabidi wasubiri msimu mwingine. (Nilipomsomea binti kipande hicho alicheka mpaka akakaa chini. Wao ng'ombe, sisi mvua.)

Ray aliweka rehani bima yake ya maisha. Akauza santuri zake. Vito vya mkewe navyo vikaenda rehani. Kazi ikasimama miezi na miezi, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal, chini ya waziri kiongozi Bidhan Chandra Roy, ilipotoa fedha. Na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, Mheshimiwa. Jina la filamu ile ni kama kusema "Wimbo wa Kijia". Kwenye vitabu vya serikali mkopo ule ukaandikwa ni wa kuboresha barabara.

Barabara hiyo ilifika mbali. Mei 1955 filamu ilioneshwa New York, mwaka 1956 ikapewa tuzo Cannes, Ufaransa, na mwaka 1992 Ray alipewa Oscar ya heshima akiwa kitanda cha hospitali Calcutta, wiki chache kabla ya kufa.

Niliionesha kibandani Jumatatu, siku isiyo na mechi, kiingilio bure. Maneno ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilishika maikrofoni nikatafsiri kama wanavyofanya maDJ wa kanda za kutafsiriwa, na vichekesho vyangu juu. Dakika ya ishirini vijana wa bodaboda walikuwa wametoka. Wakabaki kumi na mmoja, pamoja na mama mmoja anayechoma ndizi pale nje, ambaye aliingia kujikinga na baridi. Ikafika watoto wanaona treni. Mama akasema kwa sauti, "Kama sisi ile siku!" Nami nilikuwepo siku hiyo, treni ya abiria iliporudi Arusha mwaka 2020 baada ya miaka zaidi ya 30, watu wazima tunapunga mikono kama watoto.

Halafu yule msichana mkubwa anakufa. Kibandani kwangu kuna sheria inayojulikana, steringi hafi, na mtu mmoja aliuliza kama kanda imeharibika. Baba yake alikuwa safarini, hana habari. Anarudi na zawadi, anazitoa mojamoja, anamwonesha mkewe sari aliyomnunulia binti. Mke anaishika sari, anaing'ata, anaanguka. Huwezi kusikia kilio chake, unasikia ala ya muziki inalia badala yake. Nilikuwa bado natafsiri. Mama wa ndizi akanigeukia gizani: "Baba, nyamaza. Tunaona."

Niliizima maikrofoni. Tangu siku hiyo sijamwuliza tena binti adui ni nani.

Tukaunda kikundi, watu sita, tukitupia jicho ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, jambo zuri sana, na nimeona umenunulia watu bajaji na cherehani. Tukakaa kuandika mpango wa biashara. Tutauza nini? Kwa nani? Marejesho ya mwezi wa kwanza yatatoka wapi? Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, andikeni kuku wa mayai. Hela ikitoka tunapiga picha." Nikawasimulia habari za barabara ya West Bengal, nikijua nimeshinda. Binti akaweka kalamu chini. "Ile waliandika serikali, hakuandika Ray. Mimi nikiandika kuku, ni mimi niliyedanganya."

Hatukuomba. Ndiyo maana nakuandikia wewe, kwa sababu kumbe neno la kuandikwa kwenye kitabu liko upande wenu.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na unakopesha wasanii. Naomba sehemu yake ndogo iwe ruzuku kwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji, na iandikwe hivyo hivyo: filamu ya kwanza. Mwombaji apimwe kwa skripti na dakika kumi alizokwisha kupiga. Asiulizwe marejesho ya kila mwezi, maana mkopo hausubiri mti uchanue. Akimaliza, aioneshe bure mkoani kwake kabla haijapanda ndege. Sisi tumepiga hesabu, milioni 9 zinatumaliza, kamera ikiwa ya bure.

Na akishapewa, aachwe. Kule Bengal wapo maofisa waliotaka mwisho wa filamu ubadilishwe, Ray hakukubali.

Arusha haijawahi kukosa kamera. John Wayne alikuja Momella kukimbiza vifaru, filamu ikatoka 1962. Royal Tour, ile filamu ya kutangaza utalii, tuliizindua ukumbi wa AICC Aprili 2022, nami nilifurahi kama wengine. Lakini kamera hizo zikishashuka mlimani na kutoka mbugani, zinapanda gari kurudi uwanja wa ndege. Unga Limited haziifiki. Na usiniambie Mtanzania haangaliwi nje: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi tuliyosoma shuleni, ilioneshwa tamasha la Toronto mwaka 2021. Hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya pili. Ya kwanza ndiyo ngumu, Mheshimiwa, hakuna anayekufahamu na huna cha kuonesha.

Kuhusu muda. Ray alikuja kusema kwamba katika miaka ile karibu mitatu miujiza mitatu ilimwokoa: sauti ya mtoto wa kiume haikubadilika, yule wa kike hakukua, na bibi wa miaka 80 aliyeigiza hakufa. Bibi yetu ana miaka 74, anatembea kwenda sokoni mwenyewe, hajambo. Mvulana wetu alikuwa na miaka 12 tulipoanza.

Wiki iliyopita simu yangu ililia. Sauti nzito, inakwaruza: "Shikamoo mzee, Jumapili tunapiga?" Nikamwambia, "Marahaba, mpe simu mdogo wako niongee naye."

Alikuwa ni yeye.

Wako,
Mwenye kibanda,
Ngarenaro, Arusha