Kwa fundi uliyekataa pesa yangu

Asante sana, fundi. Cherehani yangu ilikuwa inaruka mishono wiki nzima, nami nilishajiandaa kukopa ninunue nyingine. Wewe ukaitoa sindano niliyoipachika kinyume, ukairudisha sawasawa, ukafagia vumbi la uzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa, ukatia mafuta. Basi! Ulipokataa malipo niliona haya, mpaka uliposema mwanao anahangaika na hesabu za sehemu. Hapo nikapumua. Saa yako moja ya ufundi kwa saa yangu moja ya kumfundisha, tukapatana. Sasa kijana anajumlisha sehemu bila kukunja uso, nami (usinicheke) najua kubadilisha sindano. Suruali zako mbili nimeshazipunguza, njoo uzichukue. Hizo hazimo kwenye hesabu yetu.