Nani alitangulia Palestina si swali la kuamua haki za walio wachache

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa ukurasa huu wa barua kwa miaka mingi, na kila mgogoro wa Waarabu na Wayahudi unaporejea katika habari, kama ulivyorejea kwa kishindo tangu Oktoba 2023, naona wasomaji wenzangu wakikimbilia swali lile lile la nani alitangulia kukaa katika nchi ile. Anayeitetea Israeli huanza na Ibrahimu na Mfalme Daudi, anayewatetea Wapalestina humjibu kwa Wakanaani, na kila mmoja huamini kwamba akishinda hapo, basi madai ya upande wa pili yamekwisha. Naomba nafasi nieleze kwa nini hoja hiyo, pamoja na uzito wake wote, haiwezi kutuambia ni haki zipi anazostahili mtu aliyejikuta katika kundi la wachache, awe Mwarabu ndani ya Israeli au Myahudi katika nchi ya Kiarabu.

Sisemi historia ipuuzwe. Jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa mwishoni mwa karne ya 13 K.K., linalitaja jina la Israeli. Herodotus naye alilitumia jina la Palestina katika karne ya 5 K.K., kwa hiyo wanaodai kwamba jina hilo lilibuniwa na Warumi baada ya uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, wa mwaka 132 hadi 135, wanasimulia nusu tu ya habari. Jamii za Wayahudi zilikuwapo Yerusalemu, Hebron, Safed na Tiberias karne nyingi kabla ya kuwapo kwa Uzayuni, ile harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao. Wala hakuna sababu ya kudhani kwamba wakulima wa Kiarabu waliingia wote kwa pamoja na jeshi la Khalifa Omar mnamo mwaka 638. Wengi wa mababu zao walikuwa pale pale, wakabadili lugha, na wengine wakabadili dini. Wapo hata Wasamaria, ambao wengi wetu tunawajua kwa mfano wa Msamaria Mwema peke yake: wako hai mpaka leo, hawafiki hata elfu moja, wanaishi katika Mlima Gerizimu karibu na Nablus na katika mji wa Holon, nao wana simulizi yao ya ukale inayoweza kusimama mbele ya simulizi ya yeyote. Kila upande, basi, una ushahidi wa kutosha kuthibitisha mizizi yake, na hakuna ushahidi hata mmoja kati ya huo unaong'oa mizizi ya mwingine.

Tatizo ni kwamba hoja ya ukale ilitumika mapema sana kufanya kazi isiyokuwa yake. Tarehe 2 Novemba 1917 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Arthur Balfour, alimwandikia Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza, tamko fupi ambalo kwa Kiingereza lina maneno 67 tu. Linaahidi kusaidia kuundwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, kisha linaongeza kwamba hakuna litakalofanywa kudhuru haki za kiraia na za kidini za jumuiya zisizo za Kiyahudi zilizopo huko. Mstari huo unafaa kusomwa polepole. Neno Mwarabu halimo. Sensa ya Waingereza wenyewe ya mwaka 1922 ilihesabu wakazi 757,182, na kati yao Wayahudi walikuwa 83,794. Maana yake ni kwamba karibu watu tisa katika kila kumi walitajwa katika tamko lile kwa kile wasichokuwa. Tena, wakati Wayahudi wa nchi nyingine walilindiwa haki zao pamoja na hadhi yao ya kisiasa, wenyeji hawa waliachiwa haki za kiraia na za kidini, na zile za kisiasa zikarukwa. Walio wengi waliandikwa kama wachache miaka thelathini kabla ya kuwa wachache. (Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa kuwa mwaka 1903 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza Wazayuni wapewe ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo uko Kenya, na mpango huo ulikufa mwaka 1905 kwa sababu Mkutano wa Wazayuni uliukataa, si kwa sababu kuna aliyewauliza waliokuwa wakichunga mifugo pale.)

Kama ukale ungekuwa kinga, hakuna Myahudi ambaye angekuwa salama kuliko Myahudi wa Baghdad. Jamii yake ilikuwa Iraki tangu uhamisho wa Babeli katika karne ya 6 K.K., zaidi ya miaka elfu moja kabla ya jeshi la Kiislamu kufika huko. Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, ilitungwa katika nchi hiyo. Waziri wa kwanza wa fedha wa Iraki mpya, Sassoon Eskell, alikuwa Myahudi. Na katiba ya Iraki ya mwaka 1925 iliahidi usawa mbele ya sheria kwa Wairaki wote bila kujali lugha, asili au dini. Pamoja na hayo yote, Juni 1941 watu wapatao 180 wa jamii hiyo waliuawa katika siku mbili za ghasia zinazojulikana kama Farhud, ingawa wapo majirani Waislamu waliowaficha Wayahudi majumbani mwao. Machi 1950 Bunge likapitisha sheria ya kumvua uraia kila Myahudi aliyejiandikisha kuondoka, na mwaka mmoja baadaye, wakati makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha kujiandikisha na hawana tena nchi, sheria nyingine ikazizuia mali zao. Watu wapatao 120,000 walisafirishwa kwa ndege kwenda Israeli. Miaka 2,500 ya kukaa mahali pamoja ilifutwa katika muda usiozidi miaka miwili, na hakuna aliyepata kuthibitisha kwamba walikuwa wageni, kwa sababu hawakuwa wageni.

Wasomaji wengine hujibu kwamba Wayahudi waliishi vizuri chini ya dola za Kiislamu kwa mfumo wa ahlu dhimma, yaani wasio Waislamu waliopewa hifadhi, na kwamba mambo yaliharibika kwa sababu ya Uzayuni. Nusu ya kwanza ina ukweli mwingi: Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipokewa na Dola ya Uthmania, jambo ambalo wafalme wengi wa Ulaya hawakulifanya. Lakini dhimma ilikuwa hifadhi anayopewa mtu kwa masharti, kwa kulipa kodi ya jizya na kukubali daraja la chini, na ndiyo maana Sultani mwenyewe aliona haja ya kutangaza usawa wa raia wa dini zote katika amri ya mageuzi ya mwaka 1856. Hifadhi ya aina hiyo anayeitoa anaweza kuichukua. Kosa la viongozi wa Kizayuni huko Palestina, hata kama lingekuwa kubwa kiasi gani, halikuwa kosa la mwenye duka wa Baghdad aliyenyang'anywa uraia wake, kama vile hujuma ya majeshi ya nchi za Kiarabu ya Mei 1948 haikuwa kosa la mkulima wa Galilaya.

Na hapo ndipo ninapofika Iqrit. Hiki kilikuwa kijiji cha Wakristo wa Kikatoliki wa Kigiriki, watu wapatao 500, karibu na mpaka wa Lebanoni. Jeshi la Israeli lilipofika mwishoni mwa Oktoba 1948 wanakijiji hawakupigana. Siku chache baadaye waliambiwa waondoke kwa muda wa wiki mbili tu kwa sababu za usalama, wakapelekwa katika kijiji cha Rameh, na wiki mbili hizo hazijakwisha mpaka leo. Hawakukimbilia nchi ya adui, hawakuhama kwa hiari, nao walikuwa raia wa Israeli; hivyo walifanya kile ambacho tunawaambia walio wachache kila siku wakifanye, wakaenda mahakamani. Julai 1951 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hakuna kizuizi cha kisheria cha wao kurudi. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo jeshi likazilipua nyumba zao zote kwa baruti na kuliacha kanisa likisimama peke yake juu ya kilima. Kanisa hilo lipo hadi sasa, na wazao wa wanakijiji husali humo, na makaburi yao yako hapo chini, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 wameruhusiwa kuwazika wafu wao Iqrit. Kuishi ndiko walikonyimwa. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilikataa ombi lao jingine na kuliacha suala mikononi mwa serikali. Ni nani hapa anayehitaji kujua habari za Wakanaani ili aseme kama watu hawa walitendewa haki?

Wapo watakaoniambia kwamba Iqrit ni kisa kimoja cha wakati wa vita. Basi tutazame sheria, ambayo haina wakati wa vita. Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya mwaka 1950 ilihamishia kwa msimamizi wa mali aliyewekwa na serikali mali za Wapalestina waliokimbia au kufukuzwa, watu wapatao 700,000, na ikawakumba hata maelfu waliobaki ndani ya Israeli lakini walikuwa wamehama makwao wakati wa vita. Hao wakapewa jina la ajabu la wasiokuwepo waliopo. Mwaka 1970, baada ya Israeli kuiteka Yerusalemu Mashariki, sheria nyingine ikamruhusu Myahudi aliyepoteza nyumba upande huo mwaka 1948 kuidai mahakamani. Ndiyo sheria iliyo nyuma ya kesi za kuzihamisha familia za Kipalestina katika mtaa wa Sheikh Jarrah, ulioko Yerusalemu Mashariki. Miongoni mwa familia hizo wapo ambao nyumba zao wenyewe za kabla ya 1948 ziko upande wa magharibi wa mji, na kule hawana mahali pa kupeleka madai, kwa sababu ile sheria ya 1950 imewafungia mlango. Katika mji mmoja, kwa vita vile vile, historia ni hati ya nyumba kwa mmoja na ni kumbukumbu tupu kwa mwingine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayekubali kwamba nyumba ya mwaka 1948 inaweza kudaiwa amekubali kwa wote, na anayesema muda umepita amesema kwa wote.

Haki inanidai niseme pia kwamba Waarabu wa Israeli, ambao ni takriban mmoja kati ya kila raia watano, wanapiga kura, wana wabunge, na mwaka 2021 chama cha Waarabu cha Ra'am, kinachoongozwa na Mansour Abbas, kiliingia katika serikali ya mseto. Hayo hayakuwapo kwa Wayahudi wa Baghdad waliovuliwa uraia. Hata hivyo, Azimio la Uhuru la Israeli la tarehe 14 Mei 1948 liliahidi usawa kamili wa kijamii na kisiasa kwa wakazi wote bila kujali dini, asili au jinsia, na raia hao hao wakawekwa chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1966. Tume ya Jaji Theodor Or, iliyoundwa na serikali yenyewe baada ya mauaji ya waandamanaji wa Kiarabu ya Oktoba 2000, iliandika mwaka 2003 kwamba serikali imewatendea Waarabu kwa uzembe na ubaguzi. Mwaka 2018 Bunge likapitisha, kwa kura 62 dhidi ya 55, Sheria ya Taifa inayosema kwamba haki ya kujiamulia mambo kitaifa ndani ya Israeli ni ya Wayahudi peke yao. Kiarabu kikashushwa kutoka lugha rasmi, na neno usawa halionekani popote katika sheria hiyo. Sababu iliyotolewa ni ile ile: hapa ndipo taifa la Wayahudi lilipozaliwa. Naamini kabisa kwamba Wayahudi, baada ya yale waliyotendewa Ulaya na baada ya Baghdad, wanahitaji mahali ambapo hawatakuwa tena wachache wa kuhurumiwa. Sioni ni kwa njia gani kumshushia Mwarabu wa Nazareth lugha yake kunawapatia mahali hapo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wenzangu, na kwako Mhariri unayechagua barua za kuchapisha. Ningependa kusoma barua ya mtetezi wa Israeli anayeeleza kwa nini wazao wa Iqrit, raia wa nchi hiyo wenye hukumu ya mahakama mkononi, wasijenge tena kando ya kanisa lao. Ningependa pia kusoma barua ya mtetezi wa Palestina anayeeleza kwa nini wazao wa Wayahudi wa Baghdad wasilipwe mali iliyozuiwa Machi 1951. Waandike kwa urefu wowote watakao, ila wasimtaje Mfalme Daudi wala Wakanaani.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi